Wapeleke watoto kwa babu yao, lakini sikilizeni kwanza

Juzi dada mmoja wa Tabata kaniandikia inboksi, mume wake anataka watoto wakae likizo ya Juni kwa babu yao Rufiji, watoto wenyewe wanaota kuvua samaki tu, yeye hapati usingizi akiwaza mamba. Ananiuliza we kaka ungefanyaje? Dada yangu, mi ningeshawakatia tiketi.

Mi mtoto wa Temeke lakini likizo zangu zote za shule ya msingi zilikuwa kwa babu mzaa mama, ng'ambo ya mto Rufiji, enzi hizo Daraja la Mkapa hamna (lilifunguliwa 2003), mnavuka kwa pantoni pale Ndundu. Barabara siielezi, itatupotezea muda. Mkifika tu, shikamoo babu, marahaba, mkono bado haujaachiwa keshaanza kutaja masharti.

La kwanza, mtoni haendi mtoto. Mtoni anaingia yeye na mtumbwi wake na mgono wake, ule mtego wa samaki. Sisi tulipewa vidimbwi, yale maji yanayobaki bondeni mafuriko ya masika yakishashuka, kambale wamekwama humo wanagaragara kwenye tope. Fimbo, mshipi, ndoana, na nyungunyungu tumewachimba nyuma ya bafu la makuti, basi tunashinda hapo mpaka bibi atume mtu kutuita. Perege anadonoadonoa chambo kama mwizi wa sukari. Kambale hana mambo hayo, akimeza kameza, unavuta mpaka unakaa chini. Ngogo ndo mbaya, ana miiba mgongoni na kwenye mapezi ya ubavuni, kaka yangu alimkamata kwa pupa ikamwingia kiganjani akalia usiku kucha. Na siku moja tumemtoa perege jike, mdomo umefunguka vikamwagika visamaki vidogo vidogo, tukapiga kelele, babu akasema haraka rudisheni majini, huyo analea watoto mdomoni. Hakuna kitabu cha shule kilichowahi kunishangaza vile.

Usiku tunalala kwenye dungu, kibanda cha juu ya nguzo katikati ya mpunga, maana giza likiingia viboko wanatoka mtoni kuja kula. Kiboko unamsikia kabla hujamuona, anang'oa na kutafuna halafu anapumua kwa nguvu, na wewe upo juu pale unaomba nguzo zisikusaliti. Babu anagonga debe, anatukana, anagonga tena. Asubuhi hashuki mtu mpaka yeye akague njia kwanza, kwasababu kiboko aliyechelewa kurudi akukute umesimama kati yake na maji, hapo hamna mjadala.

Sasa mamba, dada, maana ndo swali lako. Mamba anasoma mazoea ya watu. Ukichota maji kila siku sehemu ileile saa ileile yeye anakaa chini anasubiri, unaona maji yametulia tu. Bibi alichotea ndani ya uzio wa miti, kwa kata ya mpini mrefu, na haku­inama hata siku moja. Kwahiyo ushauri wangu ni huu, mtoto asikaribie mto bila mtu mzima wa palepale. Sio baba yake aliyekulia Sinza, wa palepale.

Nimerudi Dar mwalimu katuambia tuandike insha ya likizo, nikaandika kambale anavuta hewa, maji yakipungua anatambaa kwenye tope kutafuta dimbwi lingine. Mwalimu akanisimamisha mbele ya darasa, samaki ana matamvua, we mwongo, darasa zima likacheka na jina la "kambale" likanikaa mpaka la saba. Kambale ana matamvua NA kiungo kingine cha kuvutia hewa, mwalimu, popote ulipo. Bado inaniuma, sitaki kudanganya.

Ndo maana nawaambia wazazi wenzangu wa mjini, mtoto mmemjaza katuni na tuisheni, kiboko anamjua wa kwenye kioo. Mkipata hela mnampeleka Hifadhi ya Nyerere, ile iliyomegwa toka Selous 2019, mnamuonyesha mnyama kupitia dirisha la gari nusu saa mnarudi. Sio mbaya. Ila babu yake anaishi na hao wanyama bure na anajua kila njia wanayopita, na wazee hawatungoji jamani, wa kwangu wote wawili hawapo na shamba lishagawanywa na watu ambao hawakuwahi hata kulala dunguni. Haya tuyaache.

Nimesema mtu mzima wa palepale? Nasema tena. Viatu vya kufunika, tochi ya maana sio ya simu, ndoana nunua Kariakoo za kutosha maana zinakatika sana. Mabasi yanaanzia Mbagala Rangi Tatu, wahi asubuhi upate siti.