Mbona Sahani Zako Zimesimama?

Juzi nilimaliza kuchora ukuta wa mkahawa mmoja Kibokoni, Mombasa: sinia la biriani, bilauri za ukwaju, meza ndefu. Mwenyewe akasimama mlangoni, akasema, "Fundi, ushanitia njaa." Nikatupia picha mtandaoni. Kijana wa Likoni akaniuliza, "Kaka, mbona sahani zangu nikizichora zinaonekana zimesimama, kama chakula kitamwagika?"

Swali hilo nalijua sana. Bwana aliyenifunza kuandika mabango alinifukuza kwa sababu hiyo, mbele ya watu, ati sina jicho. Mabango yake mpaka leo sahani zimesimama. Nikipita hapo huenda polepole makusudi.

Jicho halina kosa. Ukilitazama sinia kwa ubavu, kinachoingia jichoni ni duaradufu nyembamba, yaani duara lililobanwa. Lakini meza, kivuli na vyombo vya kando vyauambia ubongo kwamba sinia limelala, nao unakuonyesha umbo lililonona kuliko hilo. Mkono unafuata. Robert Thouless, mwanasaikolojia wa Uingereza, aliandika habari hii mwaka 1931: watu wakitazama duara lililoinama walitaja umbo lililo kati ya duara kamili na lile la jichoni, na dalili za kina (zinazoonyesha kipi kiko karibu, kipi mbali) zilipoondolewa, wakalikaribia la jichoni. Roger Shepard wa Marekani naye alichapisha meza mbili mwaka 1990. Moja utaapa ni ndefu, nyingine pana. Kata karatasi kwa uso wa ya kwanza, izungushe, ilaze juu ya ya pili: msambamba uleule!

Basi kunja gazeti liwe bomba, fumba jicho moja, ulione sinia peke yake bila meza. Limenywea, sivyo? Sasa nyoosha mkono, pima upana na kimo kwa mpini wa brashi. Chora kipimo hicho hata kama moyo unakataa, maana meza utakayoichora chini yake italinonesha tena machoni pa mteja. Vijana mnakimbilia rangi na picha za kupakua. Pimeni kwanza. Mkimaliza, pimeni tena.

Bilauri nazo ziangalieni. Mdomo ulio karibu na usawa wa macho huwa mwembamba, kitako kilicho chini hupinda zaidi. Wengi hukipigia kitako mstari wa rula, bilauri ikabaki inaelea juu ya meza.