Bendi Ikivunjika, Andika Kumbukumbu Zako Kabla ya Kusikiliza Rekodi

Tarehe 21 Septemba 2011 R.E.M., bendi ya roki ya Marekani, walitangaza kwamba wamevunja bendi, baada ya miaka 31. Albamu yao ya mwisho ilikuwa imetoka Machi mwaka huohuo, na sisi tuliozoea kuwafuata mji hadi mji bado tulikuwa tunasubiri ratiba ya ziara. Kumbe tamasha la kuhitimisha ziara yao ya mwisho lilishapita, Mexico City, Novemba 2008. Waliokuwa ukumbini usiku ule walirudi makwao bila kujua wameshuhudia nini.

Ndivyo inavyowakuta mashabiki wengi. Waliowaona Led Zeppelin mjini Berlin tarehe 7 Julai 1980 hawakujua kwamba mpiga ngoma John Bonham angefariki Septemba. Waliotoka Soldier Field, Chicago, tarehe 9 Julai 1995 baada ya kuwaona Grateful Dead hawakujua kwamba mpiga gitaa na mwimbaji wao Jerry Garcia alikuwa amebakiza mwezi mmoja tu wa kuishi. Hakuna anayekunong'oneza kwamba hili ndilo la mwisho, shika kila kitu. Kwa hiyo kumbukumbu unaanza kuzikusanya mambo yakiwa yameshakwisha, na naamini lipo jambo moja linalofaa kutangulia mengine yote: kuandika.

Siku lilipotoka lile tangazo, wenzangu walikimbilia rekodi. Mimi nilichukua daftari. Niliyapitia matamasha ya 2008 moja baada ya jingine na kuandika kila nilichokikumbuka, muziki ukiwa umezimwa. Rekodi ina nguvu sana. Ukiisikiliza mara mbili tatu, huwezi tena kutenganisha ulichokisikia uwanjani na ulichokisikia sebuleni kwako.

Usiku mmoja wa mvua nilisimama kwenye uzio, upande wa mpiga besi wa R.E.M. Mike Mills, kwa sababu nilipenda kusikia sauti yake ikipanda juu ya ile ya mwimbaji Michael Stipe. Kando yangu alikuwepo baba mmoja aliyembeba binti yake mabegani. Mvua ilipozidi alivua koti akamfunika. Nyimbo chache kabla ya mwisho yule mtoto akalala, shavu juu ya kichwa cha baba yake, spika zikinguruma na maelfu ya watu wakiimba. Baba akaacha kurukaruka, akabaki anaimba kwa midomo tu. Hakuna rekodi yenye mtoto huyo. Yumo kwenye daftari langu, na asingekuwemo humo angekwishapotea.

Ndiyo maana huwa nawasihi watu wasianze na orodha ya nyimbo. Orodha za nyimbo zipo tele, mashabiki makini walishaziweka pamoja. Jiulize ulikwenda na nani, mlifikaje, mlilala wapi, nani alikukopesha nauli, mlibishana nini kwenye foleni, taa zilipozimwa ulimgeukia nani. Ukimaliza ndipo usikilize. Ukikuta wimbo ulioandika kwamba ndio uliofungua tamasha ulipigwa katikati, usifute. Andika sahihisho pembeni kwa wino wa rangi nyingine. Mimi hupenda kurasa zenye wino wa rangi mbili kuliko zote.

Vitu vya mkononi vina haraka yake. Tiketi nyingi zimechapwa kwenye karatasi ya joto, kama risiti za dukani, na maandishi yake hufifia hata ukiitunza vizuri. Ipige picha leo, kisha ihifadhi gizani, mbali na joto. Kaseti zihamishie kwenye kompyuta mapema, uweke nakala sehemu mbili tofauti, na jina la faili libebe tarehe na mji. Mashabiki wa Grateful Dead wametuonyesha njia. Bendi iliwaruhusu kurekodi, na mwaka 1984 ikaanza kuwatengea eneo lao kwenye maonyesho. Kwa uandishi wao makini wa tarehe na kumbi, leo mtu ambaye hakuwa amezaliwa anaweza kufuata ziara nzima usiku baada ya usiku.

Kisha watafute wenzako, na kila mmoja aandike peke yake kabla hamjakaa kusimuliana. Msilazimishane kukubaliana. Kwa baadhi ya mashabiki wa R.E.M., bendi iliisha mwaka 1997 Bill Berry alipoacha ngoma. Mimi niliipenda pia baadaye, mpiga ngoma Bill Rieflin akiwa nyuma ya ngoma zile, na kifo chake mwaka 2020 kiliniuma kama cha mtu wa kwetu. Zote ni kumbukumbu za kweli. Ubishi wa nani aliivunja bendi ndio nisioupa nafasi, maana umekula jioni nyingi ambazo zingeweza kuwa za masimulizi.

Kuhusu kuungana tena, furahi ikitokea, ila usiisubiri ndipo uanze. Led Zeppelin walirudi jukwaani London Desemba 2007 kwa usiku mmoja, na maombi ya tiketi yaliripotiwa kupita milioni 20 kwa ukumbi wa watu wapatao elfu ishirini. Juni 2024 wanachama wanne wa awali wa R.E.M. walipiga pamoja wimbo mmoja kwenye hafla jijini New York. Nililia machozi ya furaha, kisha nikafungua ukurasa mpya na kuandika kabla sijairudia video.

Mwisho, chagua mtu atakayerithi sanduku lako la kumbukumbu ungali hai, ukae naye alasiri moja mkipitia kitu kimoja kimoja. Ndani ya kifuniko bandika karatasi inayoeleza kila kilichomo: tiketi hii ni ya wapi, kwenye picha hii ni nani, na kwa nini fulana hii imechanika begani.