Muulize Shangazi: Magoti yangu na vilima vya Lisbon

SWALI

Shikamoo Shangazi. Mwakani mimi na mume wangu tunatimiza miaka 25 ya ndoa, na tumeweka akiba ya kwenda kutembea Ureno kwa siku 9. Ratiba ameshaiandika mwenyewe: Lisbon, Sintra, Évora, Coimbra, Porto, kisha tuteremke mpaka Algarve, na tukipata nafasi tuvuke mpaka tukaione Seville, Hispania. Mimi nina magoti mabovu, na ngazi zinanitesa. Nikimwomba apunguze, hunijibu kwamba safari kama hii hatutaipata tena. Sitaki kumvunja moyo. Nifanyeje? Halafu nimesikia kwamba mikahawa ya huko inakuletea mkate ambao hukuuagiza, kisha inakutoza. Ni kweli?

Mke wa Mtembezi

JIBU

Marahaba mwanangu, na hongereni sana.

Mimi na mzee wangu tulizunguka Ureno siku 10. Mwenye goti bovu alikuwa yeye, na mwenye haraka nilikuwa mimi, kwa hiyo mumeo namwelewa vizuri. Kila saa tuliyokaa kitako niliiona kama fedha inayovuja mfukoni. Siku ya kwanza Lisbon nilimpandisha tramu namba 28, gari la reli linalopita barabarani, imejaa watu mpaka mlangoni, tukasimama njia nzima. Tuliposhuka nikamwongoza kwenye vichochoro vya Alfama, ngazi juu ya ngazi, hadi ngome ya São Jorge. Njiani aliinama kufunga kamba za kiatu mara nne. Mara ya nne ndipo nilipotazama nikaona kamba hazikuwa zimefunguka. Alikuwa anapumzisha goti, hataki kuniambia. Usiku lilivimba, na siku mbili zilizofuata hatukwenda popote. Nililia, mwanangu, na si kwa ajili ya safari.

Kwa hiyo jambo la kwanza: mwambie mumeo maumivu yako kabla ya kukata tiketi, na umwambie kwa vipimo. Ngazi ngapi unaziweza? Dakika ngapi za kutembea kabla hujahitaji kiti? Ukisema tu "magoti yananiuma", atadhani ni uchovu wa kawaida. Ukisema "ngazi 30, kisha nikae", atakuwa na kitu cha kupangia. Mwendo wa siku upimwe kwa yule anayechoka mapema.

Sasa hiyo ratiba. Seville na Algarve ziondolewe, na Évora pia, ingawa inaniuma kusema hivyo. Bakini na Lisbon usiku 5 na Porto usiku 3. Sintra mtaiona kwa kwenda na kurudi siku hiyohiyo, na Coimbra iko kwenye reli ya kwenda Porto. Shukeni asubuhi, mpande tena jioni. Treni ya haraka kutoka Lisbon hadi Porto ni kama saa 3 tu. Mwenye umri wa miaka 65 na zaidi hulipa nusu nauli kwenye treni za taifa akionyesha pasipoti. Mzee wangu alifurahia hilo kuliko makumbusho yote.

Lisbon ina vilima, lakini ina njia zake pia. Kituo cha metro, yaani treni ya mjini, cha Baixa-Chiado kina ngazi za umeme ndefu zinazokutoa bondeni na kukufikisha juu, mtaa wa Chiado. Kutoka hapo ni mwendo mfupi hadi magofu ya Carmo, kanisa lililopoteza paa katika tetemeko la tarehe 1 Novemba 1755. Matao yake yamebaki yamesimama, na juu ni mbingu tupu. Tulikaa pale muda mrefu bila kusemezana, na kwa mara ya kwanza sikuitazama saa. Kwenda Belém, mtaa wa Lisbon kando ya mto, pandeni tramu namba 15, inafuata mto Tejo na njia yake ni tambarare. Ila monasteri ya Jerónimos, iliyoko hukohuko Belém, hufungwa Jumatatu. Ndani, karibu na mlango, amelala Vasco da Gama, yuleyule aliyetia nanga Malindi mwaka 1498. Mzee wangu alifundisha historia maisha yake yote; alisimama mbele ya kaburi lile, kofia mkononi, mpaka nikamwacha nikatoka nje kukaa kivulini.

Na hilo ndilo jambo la pili: si lazima muone kila kitu pamoja. Sintra kuna bustani ya Quinta da Regaleira, yenye kisima cha ngazi za mzunguko kinachoshuka mita 27 ardhini. Mumeo ashuke. Wewe kaa kwenye mji wenyewe, uingie jumba la kifalme lenye mabomba mawili ya moshi ya jikoni, meupe, yenye urefu wa mita 33 kila moja. Mwanamke aliyepika maisha yake yote atasimama mbele ya mabomba yale akistaajabu. Mkikutana saa ya chakula, kila mmoja atakuwa na la kumsimulia mwenzake. Sisi tulikuwa hatujasimuliana hivyo kwa miaka.

Porto mtashuka kituo cha Campanhã, kisha mhamie treni ndogo hadi kituo cha São Bento, dakika chache tu. Usikimbilie nje. Kuta za ukumbi zimefunikwa vigae vya buluu na nyeupe, kama 20,000, vinavyosimulia vita na harusi za kale. Daraja la Dom Luís I, la mwaka 1886, lina sakafu mbili. Piteni ya juu, mahali metro inapopita na waenda kwa miguu, nawe utavuka mto Douro bila kupanda hata ngazi moja.

Viatu: soli ya mpira inayoshika. Njia za miguu kule zimetandikwa vijiwe vilivyosuguliwa na nyayo za miaka mingi, na mvua ikinyesha vinateleza mno. Fimbo ya kutembelea ichukue, usione haya.

Kuhusu mkate, ni kweli. Mkiketi tu, mhudumu ataleta mkate, zeituni, pengine jibini. Mkila, mtalipia, msipotaka, mwambieni aviondoe na havitaingia kwenye bili. Wala hakuna ubaya katika kuvirudisha.

Mkiwa hapo, tegeni sikio. Meza wanaiita mesa, leso ni lenço, bendera ni bandeira, mvinyo ni vinho. Mzee wangu alikuwa akiyaandika nyuma ya risiti, na risiti hizo ninazo mpaka leo. Neno la asante kwao hufuata anayelisema: mumeo aseme obrigado, nawe useme obrigada.