Uzima tele na kujikana nafsi: nilichokiona nikimuuguza mama

Ndugu yangu, umeuliza inakuwaje Kristo aahidi uzima tele kisha atutake tujikane na kujitwika msalaba, na kama anayejitoa kwa ajili ya wengine habaki mtupu mwishowe. Nimeishi na swali hilo miaka minne, tangu kiharusi kilipompooza mama yangu upande wa kulia hadi siku alipofariki, kwa hiyo nitakujibu kwa Maandiko na kwa niliyoyapitia.

Wengi wetu tunaukariri Yohana 10:10, "mimi nalikuja ili wawe na uzima, kisha wawe nao tele," tukaishia hapo, na ahadi hiyo ikageuzwa kuwa ya nyumba, gari na cheo. Mstari unaofuata papo hapo unasema kwamba mchungaji mwema huutoa uhai wake kwa ajili ya kondoo. Watafsiri wetu walikuwa makini sana hapa: Kigiriki kinasema zoe katika mstari wa 10 na psykhe katika mstari wa 11, nao wakaandika uzima na uhai. Kinachotolewa ni uhai, yaani nafsi hii yenye pumzi, nguvu na siku zinazohesabika. Kinachopokelewa ni uzima, ambao Yohana 17:3 inaueleza kuwa ni kumjua Mungu wa pekee wa kweli na Yesu Kristo aliyemtuma. Hata neno "tele" lina undugu na lile linalotumika katika Yohana 6 kwa vipande vya mikate vilivyojaza vikapu 12 baada ya Yesu kuushibisha umati kwa chakula cha mtoto mmoja. Mikate ile mitano ya shayiri ilikuwa imekwisha kumtoka mtoto yule mikononi kabla haijazidi.

Mwaka wa kwanza sikuyaelewa hayo. Nilimgeuza mama kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, ili asipate vidonda vya kulala, na kila nilipomgeuza niliandika deni moyoni: Mungu ananidai nini tena, na ndugu zangu walio mbali watanilipa lini. Akina mama wa kanisani walipojitolea kukesha naye niliwakatalia, kwa kuwa nilitaka taabu ile iwe yangu peke yangu. Paulo anasema katika 1 Wakorintho 13 kwamba mtu aweza kutoa mali zake zote, hata mwili wake uungue moto, na bila upendo asifaidike kitu. Nilikuwa nimeusoma mstari huo mara nyingi.

Kuna jambo lingine ambalo ni lazima nilitaje, kwa sababu nimewasikia watu wakiambiwa wavumilie kupigwa ndani ya ndoa kwa jina la msalaba. Katika Yohana 10:18 Yesu anasema juu ya uhai wake, "Hapana mtu aniondoleaye, bali mimi nautoa mwenyewe." Uhai unaonyang'anywa kwa nguvu si sadaka, na sura hiyo hiyo inamtaja ajaye kuiba, kuchinja na kuharibu: inamwita mwivi. Anayeteswa ana haki ya kuondoka, na wala hajaukimbia msalaba.

Usiku mmoja, yapata saa tisa, nilikuwa nimeinama kumgeuza mama, mkono wake wa kushoto ukanishika kifuani. Nilidhani anataka maji, kumbe alikuwa ameona kwamba nimefunga vifungo vya shati kombo. Akakifungua cha juu kwa vidole ambavyo havikuzoea kazi hiyo, akakitafutia tundu lake, kikamponyoka, akaanza upya, nami nikabaki nimeinama vile vile hadi alipovimaliza vyote. Mtu ambaye nilimhesabu kuwa ni wa kupewa tu alikuwa akinihudumia.

Wiki ile niliwaomba radhi wale akina mama, tukapangiana zamu za usiku. Nililala hadi kukapambazuka, na asubuhi nikaingia chumbani kwa mama nikiwa na hamu ya kumwona, hamu ambayo ilikuwa imenitoka kwa miezi mingi.