Uvimbe, mchochota au inflamesheni?

SWALI: Naandaa maelezo mafupi ya afya kwa wasomaji wa kawaida. Nimeandika: "Chakula kibaya huleta uvimbe kwenye mishipa, na uvimbe ndio kiungo kati ya chakula na ugonjwa wa moyo." Mwenzangu mmoja anasema "uvimbe" si sahihi, niandike "inflamesheni". Mwingine anapendekeza "mchochota". Nimfuate nani?

JIBU: Mfuate wa pili. Ila "uvimbe" si neno pekee lenye kasoro katika sentensi hiyo.

Uvimbe limetokana na kitenzi vimba kwa kiambishi tamati -e, ambacho mara nyingi hutaja kilichofikwa na tendo au kilichotokana nalo: umba hutupa kiumbe, tuma hutupa mtume, teua hutupa mteule. Kwa hiyo uvimbe ni tokeo. Halisemi kinachoendelea ndani mpaka mwili ukavimba. Celsus, mwandishi wa Kirumi wa karne ya 1, alitaja dalili nne za inflamesheni, yaani hali ya kinga ya mwili kuamka kupambana na dhara: wekundu, uvimbe, joto na maumivu. Ukijikwaa kidole utaziona zote nne, na ukiliita jambo zima "uvimbe" hakuna atakayepotea. Ndani ya ateri ya moyo, yaani mshipa unaoupelekea moyo damu, mambo ni mengine. Hali hiyohiyo inaweza kuendelea miaka na miaka, mwenyewe asione wala asihisi hata dalili moja.

Kuna kipimo chepesi: jaribu kuhesabu. Ukiweza kusema "uvimbe mmoja, vimbe mbili", unazungumzia kinundu, kitu chenye mipaka kinachoweza kupimwa kwa sentimita na pengine kukatwa. Hiyo ndiyo maana ya daktari anapomwambia mtu ana uvimbe kwenye kizazi au kwenye ubongo. Hali unayoielezea wewe haihesabiki. Msomaji akikuta "uvimbe kwenye mishipa" ataanza kujipapasa shingo, au atawaza saratani.

Wapo wanaokwepa nomino wakakimbilia kitenzi: "vyakula vinavyovimbisha mwili". Huko ndiko kubaya zaidi. Likikaa jirani na chakula, vimba humpeleka msomaji moja kwa moja kwenye kuvimbiwa, yaani tumbo kujaa na chakula kukataa kushuka.

Mchochota lina faida mbili. Limebeba ile hisia ya kuchoma na kuwasha, na limeshatumika kwa viungo vya ndani kama mapafu na ini, ambako hakuna anayetarajia kuona nundu. Udhaifu wake ni kwamba wasomaji wengi, hasa vijana, hawalijui, kwa hiyo lifafanue linapojitokeza mara ya kwanza. Mwako nalo lina mvuto, maana hata neno la Kilatini lililozaa inflamesheni lina moto ndani yake (flamma ni mwali), lakini kwa msomaji wa leo mwako ni wa petroli kwenye injini. Inflamesheni liwe la makala za wataalamu. Ukilitumia, liweke ngeli ya I-/ZI-: inflamesheni hii, ya muda mrefu.

Kwa aina inayohusika na moyo, sema "mchochota sugu wa chini kwa chini". "Wa kiwango cha chini" husikika kama jambo dogo, kumbe huu ni kama moto wa pumba: hauna mwali, lakini unakula. Ufafanuzi wenyewe unaweza kuwa hivi: chembe zinazobeba kolesteroli, za aina ya LDL, hupenya utando wa ndani wa ateri na kunasa humo. Zikishaharibika, kinga ya mwili huziona kama adui. Chembe nyeupe za damu huzifuata, huzimeza, hushiba mafuta na kubaki palepale. Rundo hilo hujengeka kuwa utando mnene wenye mafuta ndani na kifuniko juu. Mchochota ukiendelea, kifuniko hudhoofika. Kikipasuka, damu huganda juu yake, njia huziba, na sehemu ya msuli wa moyo hukosa oksijeni. Angalia vitenzi: hupenya, hunasa, humeza, hudhoofika, hupasuka. Katika mlolongo huo mrefu "huvimba" halikuhitajika hata mara moja.

Kwa kolesteroli, wengine huandika lehemu. Si kosa, ila kwa fundi lehemu ni ile metali ya kuungia vyuma, na msomaji anaweza kudhani mishipa yake imechomelewa. Kolesteroli halina utata huo.

"Chakula kibaya" nalo libadilishe. Kwa watu wengi hicho ni chakula kilichochacha, cha kuharisha leo usiku. "Lishe duni" halikusaidii pia, maana hueleweka kama kukosa chakula cha kutosha. Unachokusudia ni mazoea ya miaka, na neno lake ni "ulaji usiofaa". Kisha utaje ni upi: sukari nyingi, nyama zilizosindikwa, mafuta yaliyogandishwa kiwandani, na uchache wa mboga, matunda, kunde na nafaka zisizokobolewa. Ulaji wa namna hiyo huongeza LDL, na mtu akila kuliko mahitaji yake mafuta hurundikana tumboni kuzunguka viungo vya ndani. Mafuta hayo hayakai kimya, hutoa kemikali zinazouchochea mchochota. Chumvi usiibebeshe mzigo huu. Lawama yake kuu ni shinikizo la damu, na kikomo cha Shirika la Afya Duniani kwa mtu mzima ni chini ya gramu 5 kwa siku.

"Kiungo kati ya chakula na ugonjwa wa moyo" lina utani usioukusudia. Kiungo ni sehemu ya mwili, kiungo ni cha kutia kwenye mchuzi, na kiungo ni kinachounganisha, na sentensi yako imeweka chakula, mwili na muungano mahali pamoja. Andika "mojawapo ya njia ambazo ulaji huufikia moyo". "Mojawapo" lina kazi, kwa sababu shinikizo la damu na kisukari ni njia nyingine.

"Mishipa" peke yake inaweza kuwa ya fahamu, na kwa wengine mshipa ni ngiri. Andika "mishipa ya damu", au "ateri" kama umeshaieleza.

Limebaki "huleta". Kiambishi hu- kikikaa na leta husema jambo la kila siku na kwa kila mtu, tena huufanya ulaji kuwa sababu pekee. Tumia "huchangia" au "huongeza hatari". Usirudi nyuma zaidi hadi "inasemekana", hasa kwa nusu ya pili ya sentensi. Mwaka 2017 yalitoka matokeo ya jaribio la CANTOS, lililohusisha zaidi ya watu 10,000 waliowahi kupata shambulio la moyo. Dawa ya canakinumab, ambayo hutuliza mchochota bila kupunguza LDL, ilishusha matukio mapya ya moyo na kiharusi kwa takriban asilimia 15 kwa dozi ya miligramu 150. Vifo vya maambukizi viliongezeka kidogo, kwa hiyo usiandike kwamba mchochota wote ni adui. Bila huo kidonda hakiponi.

Sentensi yako ingesomeka hivi: "Ulaji usiofaa wa muda mrefu huchangia mchochota sugu, yaani kinga ya mwili kubaki imeamka chini kwa chini, na mchochota huo huharibu mishipa ya damu ya moyo." Ukitaja kipimo cha CRP, protini ya damu inayopanda mwili ukiwa na mchochota, andika "huonyesha kama kuna mchochota mwilini", usiandike "huonyesha mchochota wa moyo". Mafua tu yanaweza kuipandisha CRP, na ikizidi miligramu 10 kwa lita kwa kawaida hutafutwa kwanza maambukizi, kipimo kikarudiwa baadaye.