Maswali ya Anga: Msalaba Juu ya Nyota Isiyo Yake

SWALI: Shikamoo mwandishi. Mimi ni mwanafunzi wa sekondari na nina ramani mpya ya nyota. Nimesoma kwamba Cygnus X-1, chanzo cha eksirei chenye shimo jeusi, kimeandikwa 4U 1956+35 katika orodha ya nne ya setilaiti ya Uhuru (ndiyo maana ya 4U), na kwamba namba hizo zinaonyesha mahali kilipo angani: saa 19 na dakika 56 (duara la anga likigawanywa saa 24 kuelekea mashariki), nyuzi 35 kaskazini mwa ikweta ya anga. Nimepima kwenye ramani nikaangukia Eta Cygni, nyota inayoonekana hata kwa macho matupu. Lakini kitabu kingine kinasema saa 19 na dakika 58. Kipi kimekosea?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hakuna kilichokosea, na wewe umepima vizuri. Nasema hivyo kwa uhakika kwa sababu mimi mwenyewe niliangukia nyota hiyohiyo.

Nilikuwa kijana, ndiyo kwanza najifunza kulinganisha orodha za eksirei na ramani za anga. Tulichora kwenye karatasi ya plastiki inayoonyesha chini, kisha tukaitandika juu ya ramani. Nikachora msalaba kwa kalamu ya ncha nyembamba mahali pa 1956+35, nikatandika, na msalaba ukakaa juu ya Eta Cygni, umepotoka kiasi ambacho wino wenyewe ulitosha kukificha. Nikaandika kwenye daftari: "Imepatikana." Nilikaa na furaha ile siku tatu. Mzee aliyekuwa akinifundisha alipoiona karatasi hakusema kitu kwanza. Aliinama, akasoma maandishi madogo pembeni mwa ramani, kisha akaniuliza: "Mistari ya ramani hii ni ya mwaka gani?"

Hilo ndilo swali lako pia. Mistari ya anwani za angani imechorwa kwa kufuata ikweta na mhimili wa dunia, na mhimili huo unayumba polepole kama pia inayokaribia kuanguka. Duara moja la kuyumba huchukua miaka kama 26,000. Kwa hiyo mistari yenyewe inateleza juu ya nyota mwaka hadi mwaka, na kila orodha inalazimika kutaja mistari yake ni ya mwaka upi. Orodha ya Uhuru ilitumia mistari ya 1950. Ramani yako, kama ilivyokuwa yangu, ni ya 2000. Kwa mistari ya 1950 Cygnus X-1 iko saa 19, dakika 56 na sekunde 29, nyuzi 35 na dakika 4. Kwa mistari ya 2000 ni saa 19, dakika 58 na sekunde 22, nyuzi 35 na dakika 12. Tofauti hiyo angani inakaribia upana wa mwezi mpevu. Ikatokea kwamba Eta Cygni, kwa mistari ya 2000, imekaa karibu kabisa na pale Cygnus X-1 ilipoandikwa kwa mistari ya 1950. Mtego mbaya sana kwa anayeanza. Majina ya siku hizi huwekewa herufi J mbele ya namba, na ukiiona ujue ni mistari ya 2000.

Jambo jingine. Namba zilizo ndani ya jina hazirekebishwi hata kipimo bora kikipatikana, wala hazikadiriwi: tarakimu za mwisho hukatwa tu. Nebula ya Kaa, wingu la mabaki ya nyota iliyolipuka, inaitwa 4U 0531+21, ingawa kwa mistari ya 1950 ilikuwa nyuzi 21 na dakika 58, pungufu kidogo tu ya 22. Kwa hiyo jina lichukue kama jina. Ukitaka mahali penyewe, soma safu za jedwali.

Na usiiache Eta Cygni, maana ni alama nzuri ya njia. Iweke katikati ya darubini, kisha sogea mashariki na kaskazini kidogo, pungufu ya nusu nyuzi. Huko kuna nyota ya daraja la 9 la mng'ao, hafifu mno kwa macho matupu, iitwayo HDE 226868, ambayo darubini ndogo inaitosha. Utakachoona ni nyota kubwa ya buluu. Mwenzake mweusi humwoni, ila wanazungukana kila siku 5.6.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa fizikia. Wanafunzi wameniuliza jambo likanishinda. Eksirei haikusanywi na lenzi, na Uhuru haikubeba darubini yenye vioo. Sasa ilijuaje chanzo kiko wapi?

JIBU: Mwalimu, hapa naomba nafasi, kwa sababu kazi hii naipenda kuliko zote.

Uhuru ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku ya maadhimisho ya uhuru wa Kenya, kutoka jukwaa la San Marco lililokuwa baharini karibu na Malindi. Jina lilitokana na siku hiyo. Mahali pa kurushia palichaguliwa kwa sababu ya kazi: obiti inayofuata ikweta hukwepa eneo la juu ya Atlantiki ya Kusini lenye chembe nyingi za umeme, ambazo zingejaza takataka vihesabio, yaani vifaa vya kuhesabu eksirei.

Vihesabio hivyo vilikuwa makundi mawili yaliyopeana mgongo, kila kundi likichungulia anga kupitia vijitundu virefu vya chuma. Upande mmoja uliona ukanda wa nusu nyuzi kwa nyuzi 5, mwingine nyuzi 5 kwa 5. Setilaiti yenyewe ilijizungusha taratibu, mzunguko mmoja kwa dakika 12 hivi. Chukua mwiko wa ugali, kata upenyo mwembamba, uupitishe mbele ya taa: mwanga unaanza, unapanda, unafika kilele, unashuka. Ndivyo hesabu ya eksirei ilivyopanda na kushuka, kwa takriban sekunde mbili tu kwenye ule upande mwembamba. Vifaa vingine vilitazama nyota za kawaida na kusema setilaiti ilikuwa imeelekea wapi kilele kilipofika.

Lakini kilele kimoja kinakupa mstari tu: chanzo kipo mahali fulani juu ya ukanda ule. Unasubiri mhimili wa setilaiti ugeuzwe, ukanda upite kwa pembe nyingine, upate mstari wa pili unaokata wa kwanza. Kwa kuwa kila mstari una unene wake wa shaka, mistari inapokatana hupati nukta. Unapata kisanduku kilicholala upande. Orodha ya nne ya Uhuru, iliyotoka 1978, ina vyanzo 339, na kwa kila kimoja pembe za kisanduku zimechapishwa. Mimi nikifungua orodha yoyote huanza na safu hiyo ya shaka. Orodha isiyo nayo siiamini.

Ndani ya kisanduku cha Cygnus X-1 nyota zilikuwa nyingi, na eksirei peke yake haikuweza kuchagua. Msaada ulitoka kwingine: mwaka 1971 mawimbi ya redio yalichomoza ghafla mahali hapo, wakati uleule eksirei zake zilipobadilika, na darubini za redio zilipima mahali kwa usahihi mkubwa zaidi. Zikaelekeza kwenye HDE 226868.

Kabla ya hapo kulikuwa na njia nyingine, nayo ilitumia mwezi. Tarehe 7 Julai 1964 mwezi ulipita mbele ya Nebula ya Kaa, na kundi la Herbert Friedman huko Marekani likarusha roketi iliyokuwa na dakika chache tu za kutazama. Kama eksirei zingetoka kwenye nukta, zingekatika ghafla. Zilififia polepole. Wakajua chanzo kina upana, na ukingo wa mwezi ukawaonyesha kitovu chake.

SWALI: Sasa vyanzo vya eksirei vilivyoorodheshwa ni vingapi, na bado kuna kazi?

JIBU: Darubini ya eROSITA, iliyorushwa 2019, ilitoa orodha yake ya kwanza Januari 2024: vyanzo kama 900,000, tena kwa nusu ya anga tu na kwa miezi sita ya kutazama. Hii ina vioo vinavyopokea eksirei kwa kuziparuza pembeni, kwa hiyo mahali pa shaka ni duara dogo la sekunde chache za pembe (nyuzi moja ina sekunde 3,600). Kazi ipo. Karibu na ukanda wa Njia Nyeupe, utepe wa nyota za galaksi yetu, nyota zimebanana kiasi kwamba hata duara dogo hivyo linaweza kumeza mbili au tatu, na kwa kila moja lazima mtu akokotoe uwezekano kwamba imekaa pale kwa bahati tu.