RAV4 ya Buzuruga: jibu la swali lako

Mwanangu,

Mwangaluka. Picha zako kumi na moja za lile gari la Buzuruga, hapa Mwanza, zimefika, na swali lako pia: "Mama, gari limetoka Uingereza, ni la 2007, maili elfu tisini na nane. Nitajuaje limeishi vipi kabla sijatoa hela?" Umefanya vizuri kuuliza mapema. Mimi kwenye ile Noah yangu niliuliza baada ya kulipa. Mita ilisoma kilomita 80,000, nikajiona mjanja. Miezi minne baadaye fundi akafungua mlango wa dereva, akanionyesha stika ya Kijapani ya kubadilisha oili iliyobanduka nusu kwenye nguzo ya mlango. Imeandikwa 143,000. Aliyeniuzia alikuwa ameshabadilisha namba ya simu.

Tuanze na maili. Elfu tisini na nane hizo si kilomita. Maili moja ni kama kilomita 1.6, kwa hiyo gari limetembea karibu 157,700. Dalali anajua kwamba jicho la mnunuzi linasoma namba, halisomi kipimo.

Sasa uzuri wa gari la Uingereza ni huu. Kule gari dogo likifikisha miaka mitatu lazima lipelekwe kila mwaka kwenye ukaguzi wanaouita MOT, na matokeo yanawekwa kwenye tovuti ya serikali yao. Mtu yeyote anayasoma bure, kuanzia ya 2005. Anachohitaji ni namba ya usajili ya kule tu. Gari la Japani nalo lina ukaguzi wake, wa kwanza baada ya miaka mitatu kisha kila miaka miwili, ila historia yake inataka uombe cheti cha kusafirishia nje, na muuzaji wa mkono wa tatu hapa Mwanza mara nyingi hana hata nakala.

Utasema namba ya kule umeitoa wapi wakati gari lina namba ya T. Nimeitoa kwenye picha yako ya saba, mwanangu. Kuza kona ya chini ya kioo cha mlango wa nyuma. Kuna maandishi madogo meupe kama yamekwaruzwa kwa sindano. Hiyo ndiyo namba ya zamani. Wenzetu wengine huichora kwenye vioo ili kuwazuia wezi. Katikati ina 55, maana yake ilitolewa kati ya Septemba 2005 na Februari 2006. Dalali kakwambia 2007. Usimrukie bado, maana Waingereza wanaruhusiwa kuhamishia namba ya zamani kwenye gari jipya zaidi (kinyume chake hawaruhusiwi). Mwombe kadi ya gari, usome mwaka wa kutengenezwa.

Jana usiku umeme uliporudi nikaiingiza kwenye ile tovuti. Ikatoka RAV4 ya petroli, imesajiliwa mara ya kwanza Novemba 2005. Rangi: buluu. Hili la Buzuruga ni jeupe. Kupiga rangi si dhambi, lakini nataka kujua kilichofunikwa ni rangi iliyochoka au ni pati.

Ukaguzi wa mwisho ulifanyika 2017, maili 91,400. Toa kwenye 98,000 unapata 6,600, sawa na kilomita 10,600 hivi. Hapo ndipo nilipoacha kunywa chai. Wewe mwenyewe uliniandikia kwamba mwenye gari amekaa nalo miaka sita na alikuwa akienda Bukoba kila mwezi kuona wazazi. Mwanza hadi Bukoba kwa barabara, kupitia Geita na Biharamulo, kwenda na kurudi ni zaidi ya kilomita 800. Mwaka mmoja tu wa safari hizo unakaribia kumaliza zile kilomita zote, na bado hajaenda sokoni wala kanisani. Kwa hiyo ama mita ilikufa kwa muda, ama imeguswa, ama huyo bwana hapendi wazazi wake kama anavyosema. Muulize kwa upole, kisha nyamaza umwache azungumze.

Ukisoma ule ukurasa wa MOT usiishie kwenye neno la kufaulu. Soma maonyo waliyoandika chini yake, yale ambayo hayakutosha kumfelisha mtu siku hiyo, na utazame lipi linarudi. Kwa gari hili kuna mawili. Kutu ya chini ya bodi kwa nyuma imeandikwa miaka mitatu mfululizo, na mwaka mmoja gari lilifeli kabisa kwa bomba la breki lililoliwa na kutu, likatengenezwa, likafaulu. Barabara za kule wakati wa baridi humwagiwa chumvi kuyeyusha barafu, na chumvi hiyo hurukia chini ya gari. La pili ni tairi za mbele kulika upande wa ndani, mara mbili. Tairi mpya hazitibu hilo. Chunguza bushi, boljointi na mpangilio wa magurudumu.

Na kuna ambayo MOT haiyagusi kabisa: hali ya injini, klachi na gia boksi. Gari linaweza kuwa na vyeti kumi na mbili vya kufaulu na injini inakunywa oili kama ulanzi.

Halafu karatasi zote hizo zinakoma gari linapopanda meli. Maisha yake ya huku yako vichwani mwa mafundi. Uliza lilikuwa linatengenezwa gereji gani, nenda huko bila dalali. Fundi aliyelifungua mara tatu atakwambia kwa sentensi moja. Uliza pia kama liliwahi kubeba samaki. Nimekaa Mwaloni pale Kirumba miaka mingi, nimeona watu wakipakia sangara wenye barafu kwenye buti za magari mazuri, maji yanachuruzika chini ya kapeti na kukaa humo hadi bati linakuwa kama biskuti. Manukato ya gari hayakudanganyi ukilifungia vioo juani nusu saa: harufu ya samaki inarudi yenyewe. Nyanyua kapeti ya buti, toa tairi la spea, bonyeza bati kwa kidole gumba.

Mengine ni mepesi, mawili ya kwanza yafanye ukiwa hapo hapo Geita. Kwa namba ya gari angalia kwenye simu kama linadaiwa faini za trafiki, na stika ya bima uihakiki kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima. Kadi iwe halisi, na jina lililomo liwe la huyo anayekuuzia. Akikupa nakala na kusema halisi iko kwa mjomba, jua huenda iko kwenye mkopo. Namba ya chasisi ya kwenye kadi isomwe kwenye bati la gari lenyewe, tarakimu moja moja. Hela usitoe kabla ya kwenda pamoja TRA kubadilisha umiliki.

Usije wikendi hii, nauli yako itunze. Jumamosi nitakwenda mimi na fundi wetu wa Igoma. Tutalipandisha jeki tuione hiyo kutu ya nyuma, kisha tutalikwesha mlima wa Bugando kwa gia ya pili. Wewe nifanyie jambo moja tu: mpigie dalali Ijumaa jioni, mwambie tutafika saa moja asubuhi na tunataka tulikute injini ni ya baridi. Nikigusa boneti nikaikuta ina joto, nitajua kuna kinachofichwa, nageuza narudi nyumbani.

Mama yako